Mafunjo hayageuki mkaa, gugumaji halitoi gesi: kosa litafute hapa

Kila nikiulizwa kuhusu nishati ya mimea ya kinamasini swali linakuja vilevile, mashine yangu mbovu, au jiko bovu, au fundi aliyenijengea mtambo kanipiga. Kuna siku ni kweli. Ila mara nyingi ukirudi nyuma taratibu unakuta kosa lilifanyika wiki kadhaa kabla kule majini, mafunjo yalikatwa vibaya, au hayakukauka, au yalibebwa na tope lake, na mashine inabeba lawama za bure tu. Kwahiyo hapa chini kila tatizo naanza na sababu ninayoikuta sana, afu zile za nadra.

Naongelea huku kanda ya ziwa Tanzania, na mimea miwili tu: mafunjo ya kuchoma kwenye pipa, kusaga, kuchanganya na uji na kufinyanga mkaa kwa mashine, na gugumaji la kuozesha kwenye mtambo wa bayogesi. Mafunjo (jirani zetu Wajaluo wanayaita togo) haya unaweza kupanda, kukata, kuacha yaote, kukata tena. Gugumaji usipande hata kwa bahati mbaya. Ni mgeni kutoka Amerika Kusini, Ziwa Victoria limeanza kumwona mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 ikabidi waletwe wadudu maalum wa kulitafuna, sasa wewe ukalifuge tena kwenye dimbwi lako eti zao, hapana bwana. Lililopo linatosha, nenda kalivute.

NIMEPANDA MAFUNJO, YAMEKUFA

Sababu namba moja ni maji mengi mno mwanzoni. Mtu kasikia mafunjo ni mmea wa majini basi anaenda kutumbukiza vipande kwenye maji ya kiunoni. Mafunjo makubwa yanakaa kwenye kina sawa, na hata kuelea yanaelea, lakini kipande kichanga kinataka tope lililoloa na maji ya kifundo cha mguu hivi, chipukizi libaki nje ya maji muda wote. Nenda asubuhi uangalie, ncha zikiwa zimezama chomoa usogeze pembeni, huhitaji mtaalamu wa hilo.

Pili ni kipande chenyewe. Watu wanachomeka fimbo kwenye tope kama wanapanda muhogo, fimbo ya mafunjo haioti hivo. Unachopanda ni lile shina la chini linalotambaa, nene kama tangawizi ila kubwa, liwe na chipukizi moja au mawili ya kijani. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inatosha, yatajaza yenyewe.

Tatu ni ng'ombe, wanapenda sana machipukizi hasa kiangazi nyasi zikiisha. Na nne ni mawimbi, ukipanda upande uliokaa wazi ziwa linang'oa kila kitu usiku mmoja.

Hapohapo simama kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwa au mto, na mafunjo kwa tabia yake yako ndani ya hizo 60. Kama unataka shamba la uhakika au kuchepusha maji, nenda ofisi ya bonde la maji na uongee na serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya hapo kabla hujachomeka hata kipande kimoja. Nimeona vikundi vinapewa ushirikiano kabisa kwasababu wanarudishia mafunjo pale yalipofyekwa, na nimeona wengine wanafukuzwa kwasababu walianza kimyakimya.

NILIKATA, YANARUDI MEMBAMBA AU HAYARUDI KABISA

Hili ndo linalonisumbua roho kuliko yote maana hapa unapoteza shamba, sio gunia moja la mkaa.

Sababu kubwa ni kukata mara kwa mara. Fimbo ya mafunjo ukishaikata imeisha, haichipui pale juu kama majani chai, chipukizi jipya linatoka kwenye lile shina la chini na shina la chini linaishi kwa akiba iliyoteremshwa na fimbo za zamani. Ukikata kila baada ya miezi minne mitano unakula akiba. Mwaka wa kwanza utafurahi, mwaka wa pili fimbo zinakuwa kama penseli, mwaka wa tatu unaona maji matupu. Mi nakata eneo moja mara moja kwa mwaka, na sikati lote, nakata kwa mistari, mstari unaacha mstari unakata, ndege wabaki na pa kukaa na sato wadogo wabaki na pa kujificha. Wavuvi nao wanabaki marafiki, hilo usilidharau.

Kujua kama ni hili tatizo chukua kamba, pima mraba wa mita 1 kwa 1, hesabu fimbo nene zaidi ya dole gumba. Andika. Rudi hapohapo mwakani. Namba ikishuka pumzisha eneo, usibishane nalo.

Sababu ya pili watu hawaijui kabisa, ni kukata chini ya maji. Ndani fimbo ni sponji imejaa hewa, na hewa hiyo ndo mizizi inapumulia huko chini kwenye tope lisilo na hewa. Ukikata chini ya maji, au ukikata juu kidogo afu maji yakapanda yakafunika visiki, umeziba pua. Vinaoza. Mama mmoja jirani yangu alikata vizuri tu, akaacha visiki kiganja kimoja juu ya maji, akaona kamaliza, zikaja mvua. Ziwa lilipanda lile la 2020, Mei mwaka ule lilivunja rekodi zake zote za nyuma, na visiki vyote vikalala chini. Tulipokuja kuvuta kimoja kilitoka laini kama ndizi iliyoiva sana, harufu ya yai viza, na ndani cheusi tii. Mafunjo ambayo hayakuguswa hatua tano pembeni yake yalikuwa yanapepea tu. Tangu hapo tunakata kiangazi, Juni mpaka Septemba, na tunaacha kisiki cha kufika gotini.

Tatu, kukata machanga. Angalia kile kichwa cha juu, kikiwa bado kimefumba kama mwavuli uliokunjwa acha. Kikifunguka chote na ncha zikaanza kuwa za kahawia hapo imekomaa, akiba imeshaanza kushuka chini na fimbo yenyewe ina nyama ya kuchoma.

Nne ni moto. Kuna wanaochoma kinamasi ili ng'ombe wapate machipukizi. Juu unaona moto umepita umekwisha, kumbe chini kwenye ile mboji nyeusi iliyokauka unaendelea kutambaa siku kadhaa unakula mashina. Ukiona moshi unatoka ardhini na hakuna mwali, usiingie kukanyaga, ardhi inaweza kuzama na mguu wako, toa taarifa kijijini na zimamoto.

Na kuna siku hukosi chochote, kipande kizima kinakatika na kuondoka. Mafunjo yanayoelea ndo tabia yake. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kilisafiri mpaka kikajipachika kwenye mitambo ya umeme wa maji kule Jinja na Uganda ikakaa giza nchi nzima, kwahiyo usijaribu kukizuia na mtumbwi na kamba ya manila, utavutwa wewe.

HAYAKAUKI, YANAOTA UKUNGU

Kwanza ujue unashindana na nini. Gugumaji bichi kilo 100 ukilikausha unabaki na kama kilo 5, zingine zote ulikuwa unabeba maji ya ziwa kichwani. Mafunjo yana afadhali, ila nayo sehemu kubwa ni maji.

Sababu ya kawaida, fimbo zimeanikwa nzima. Lile ganda la nje la kijani linateleza kama limepakwa nta, maji hayapiti, kwahiyo nje inageuka kahawia nzuri unadhani kazi imeisha na ndani bado sponji imeloa. Pasua fimbo moja katikati uibonye kwa dole gumba, ukiona unyevu tu basi rudisha juani. Iliyokauka inavunjika inalia kaa! haipindi. Dawa ni kupasua kwa urefu mara mbili ukiwa bado shambani, na vichwa kukata pembeni maana vinakauka haraka na vina kazi yake, ni viberiti vizuri.

Sababu inayofuata ni kuanika chini. Usiku ardhi inarudisha unyevu. Tengeneza chanja ya miti kama ya dagaa, na jioni funika na turubai lakini acha ubavuni wazi, turubai lililofunika mpaka chini linageuka sufuria la kuchemshia ukungu.

Vikishaota ukungu mweupe au wa kijani usivisogeze puani na wala usisage bila kitambaa au barakoa, ile vumbi inakaa kifuani. Mtu akishaanza kukohoa wiki na zaidi, kifua kinabana, asitibiwe na tangawizi na asali, aende hospitali na awaambie anafanya kazi gani.

NIMEFUNGUA PIPA, NIMEKUTA MAJIVU (AU VIPANDE VYA KAHAWIA)

Mafunjo ni mepesi, yanaungua haraka kuliko magogo, sasa ukitumia pipa la lita 200 kwa muda uleule wa kuni umeshapitiliza. Ukikuta majivu, hewa ilikuwa nyingi au ulichelewa kuziba. Ukikuta nyuzi za kahawia, malighafi ilikuwa mbichi au umeshindilia sana. Soma moshi. Mwanzo ni mweupe mzito, hayo ni maji yanatoka. Ukianza kuwa mwembamba wa bluu bluu jiandae, ukikaribia kuwa hauonekani ziba kila tundu kwa udongo uliolowa, usichungulie, kalale, fungua kesho. Ukifungua likiwa la moto hewa ikiingia linawaka lote mbele ya macho yako, na ndo watu wanavoungua nyusi.

Ukipata kilo 1 ya mkaa kwa kila kilo 4 au 5 za mafunjo makavu uko sawa. Nasema hili kwasababu kuna wanaodhani pipa lao linavuja wakati ndo hesabu yenyewe.

MKAA UNAVUNJIKAVUNJIKA

1. Uji. Hapa ndo penye kesi nyingi. Unga wa muhogo haumwagwi mkavu kwenye vumbi la mkaa, unapikwa mpaka uwe uji unaovutika na kung'aa, afu unachanganya ukiwa wa moto. Kilo 10 za vumbi, unga nusu kilo mpaka kilo 1. Finyanga donge mkononi, liangushe kutoka usawa wa kiuno, likipasuka vipande vingi ongeza uji, likibonyea kama ugali umezidisha maji.

2. Chenga kubwa. Mkaa wa mafunjo una nyuzi nyuzi, usipousaga na kuuchekecha zile nyuzi zinafanya nyufa.

3. Umekausha kwa papara. Jua la saa saba moja kwa moja linapasua nje wakati ndani bado pabichi. Siku ya kwanza weka kivulini penye upepo, ya pili peleka juani.

4. Parafujo ya mashine, ile inayosukuma mkaa, imelika. Mimi hapa niliwahi kumsema vibaya fundi, miezi mitano tu parafujo imekuwa butu kama kidole, nikaenda na hasira zangu, akachukua kiganja cha mkaa wangu akausugua kwenye kioo cha simu yake mbovu, kioo kikachanika mistari. Mchanga. Tulikuwa tunakata mafunjo pamoja na miguu yake yenye tope na tunayaburuza mpaka barabarani. Akanicheka na pesa ya kuchomelea nikalipa. Siku hizi tunasuuza ziwani palepale.

Mashine ikiwa ya umeme na inatoa harufu ya kuungua au mwili wake unakutetemesha ukiugusa, chomoa plagi, ita fundi umeme. Na usiondoe kilichokwama huku inazunguka, hata kama ni kidogo, hata kama una haraka.

UNAWAKA KWA MOSHI, AU UNAJAZA MAJIVU

Moshi maana yake mbili tu, mkaa haukukauka au haukuiva kwenye pipa. Gonganisha vipande viwili, mlio mkavu ni mzuri, mlio wa kufifia rudisha juani. Vunja kimoja, ukiona kahawia ndani jibu umepata.

Majivu mengi kwanza shuku tope na mchanga, afu shuku udongo kama ndo ulitumia badala ya uji, afu shuku gugumaji. Gugumaji kwa asili yake lina majivu mengi sana, na ndo maana mi sishauri kulifanya mkaa peke yake, labda uchanganye kidogo kwenye mafunjo. Gugumaji kazi yake iko kwenye gesi.

Halafu mkaa usio na moshi unadanganya. Bado unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, na usiku wa baridi mtu anaingiza jiko chumbani anafunga dirisha. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, watoto wanasinzia ovyo, usitafute sababu kwanza, toeni watu wote nje kwenye hewa na mkimbie hospitali.

BAYOGESI YA GUGUMAJI INASUMBUA

Gesi haitoki kabisa. Kama mtambo ni mpya subiri, wiki 3 hivi ni kawaida, na ulianza na samadi ya ng'ombe au ulimwaga gugumaji tupu? Gugumaji halina wadudu (wale wadogo wasioonekana kwa macho) wa kutosha wa kuanzisha kazi, samadi ndo mbegu. Gesi ya mwanzo pia haiwaki maana imejaa hewa nyingine, itoe nje bila kuijaribu na kiberiti.

Ilikuwa inatoka ikapungua. Hapa fungua mfuniko wa upande wa kutokea tope unuse. Harufu ya siki, yaani uchachu, ina maana umelisha kuliko inavyoweza kusaga. Acha kulisha wiki nzima, afu anza kuweka samadi mbichi kidogo kidogo, na kama una zile karatasi za kupimia uchachu tafuta namba iwe karibu na 7. Kama hakuna uchachu uliza nyumbani nani kamwaga maji ya sabuni au dawa ya kuulia wadudu, na uliza kama ng'ombe alichomwa dawa wiki hiyo, samadi yake inakuja na dawa inaua wadudu wa mtambo.

Tope limejaa ila gesi kidogo. Ganda. Gugumaji linaelea hata likiwa ndani, linafanya blanketi gumu juu na gesi inakwama chini yake. Kinga yake ni kukatakata vipande vya inchi moja, mizizi utoe, uache vilale viive siku kadhaa kwenye maji, afu changanya na samadi na maji mpaka uwe uji. Lililoshaganda jaribu kukoroga kwa mti mrefu kupitia bomba la kulishia. Likigoma hapo ndo mwisho wako, ita fundi wa mitambo. USIINGIE NDANI, hata ukiwa umeutoa tope lote, hata dakika moja, huko hakuna hewa ya kupumua, mtu anaanguka na anayemfuata kumwokoa naye anaanguka juu yake.

Jiko linapepesuka na kuzima wakati presha ipo. Maji yamekaa kwenye bomba, yanatuama pale lilipolegea. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya bomba, toa maji, nyoosha. Kama mwali ni wa njano zibua tundu za jiko kwa sindano. Jiko la gesi ya mtungi nalo halifai bila kupanuliwa tundu, hiyo kazi mpe anayeijua.

Harufu ya yai viza jikoni: usiwashe taa, usizime taa, funga koki kule kwenye mtambo, fungua madirisha, toka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kesho yake ukiwa na utulivu, penye mapovu ndo penye uvujaji. Ukiona ufa kwenye kuba la mtambo lenyewe usizibe na saruji yako ya kuungaunga.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri, ila kama gugumaji ulilivuta karibu na mtaro wa kiwanda au maji taka ya mji usipeleke kwenye mchicha, maana mmea huu unafyonza madini mazito kama risasi na kuyatunza mwilini. Peleka kwenye miti ya kuni.

TATIZO LIKO KWAKO MWENYEWE

Umetoka majini ngozi inawasha vipele vidogo vidogo, baada ya wiki kadhaa homa na uchovu, baadaye damu kwenye mkojo au kwenye choo. Sio kwamba umekula vibaya, hicho ni kichocho, na pembezoni mwa ziwa kiko tele. Buti ndefu za mpira zinasaidia, ila ukishaona damu au hata ukishafanya kazi msimu mzima bila buti nenda zahanati ukapimwe, dawa ipo na inatolewa kwa uzito wako, usigawane na mwenzio vidonge vya mfukoni.

Na ukikuta njia pana iliyolala kwenye mafunjo, imekanyagwa laini, na kinyesi kimesambazwa kwenye mashina kama kimerushwa na feni, hiyo njia ina mwenyewe. Kiboko. Rudi ulikotoka, tena usijisimamishe kati yake na maji, piga simu kwa maafisa wa wanyamapori, na siku hiyo kata mafunjo ya upande mwingine.